Hesabu pumzi dakika nzima: mgonjwa aliyebanwa kifua, kuanzia nyumbani hadi kitengo cha dharura

#1 (Mtoa mada)

Wakuu, kwema?

Nafanya kazi ya uuguzi kitengo cha dharura. Uzi huu ni wa watu wa aina mbili: wenzangu wa zahanati na vituo vya afya ambao mgonjwa wa kifua anawaangukia saa nane usiku wakiwa peke yao zamu, na wazazi na ndugu wanaomleta mgonjwa huyo. Nina hoja moja kubwa, mengine yote yanaizunguka: pumzi zihesabiwe. Dakika nzima, kwa macho, kifua kikiwa wazi.

Pekua faili la mgonjwa yeyote. Joto 38.4, presha 117/76, mapigo 104, namba zinazoonyesha kuna mtu alipima. Ukifika kwenye upumuaji utakuta 20. Faili linalofuata, 20. Bibi anayehema mpaka mabega yanapanda, naye kaandikiwa 20. Hiyo namba imejazwa tu, haikuhesabiwa. Inaniuma kwa sababu upumuaji ni kati ya vitu vinavyobadilika mapema kabisa mgonjwa anapoanza kuharibika. Presha hushuka mwisho, hasa kwa mtoto. Ukiisubiri presha ikwambie, umechelewa.

Kwa mtoto, apakatwe na mama yake na atulie kwanza. Akiwa analia usihesabu. Pandisha nguo kifua na tumbo vionekane, washa saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda mpaka sekunde 60 ziishe. Ile ya kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4 iache, maana kichanga hupumua kwa mafungu: haraka haraka, anatulia kidogo, anaanza tena. Viwango vya Shirika la Afya Duniani ni hivi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka (ukipata hivyo hesabu mara ya pili uhakikishe), miezi 2 hadi 12, ni 50, mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya 12 na 20. Akigonga 30 huyo ni wa dharura hata kama anakujibu salamu. Akishuka chini ya 10 pia ni hatari, ama amechoka, ama kuna sumu au dawa imemlaza.

Ukiwa unahesabu, macho yanaona na mengine. Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Pua zinatanuka. Kichwa kinatikisika kila pumzi. Anaguna kila anapotoa hewa, na mguno huo wengi wanaudhania ni maumivu ya tumbo, kumbe mtoto anabana koo ili mapafu yasisinyae. Halafu kuna dalili ambazo hata moja tu inatosha kuondoka nyumbani sasa hivi: hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamshiki.

Sauti inakuja baada ya macho. Filimbi anapotoa hewa, tatizo liko kwenye njia ndogo za mapafu: pumu, au kwa watoto wachanga virusi vya njia za hewa. Mkoromo mkali anapovuta hewa, tatizo liko juu, kooni: kitu kimekwama, uvimbe, mzio au maambukizi. Huyu wa mkoromo usimlaze chali, usimsindilie kijiko mdomoni kutazama koo, usimlize. Mwache kwenye mkao aliouchagua mwenyewe.

Sasa tukimpokea, hatuanzi na historia ndefu. Njia ya hewa iko wazi? Anapumuaje? Damu inazunguka? Fahamu je? Kisha tunamvua tumkague mwili mzima. Ndio mpangilio wa mafunzo ya huduma za msingi za dharura ambayo Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa waliyatoa 2018, baada ya kuyajaribu Tanzania, Uganda na Zambia. Kitengo cha dharura cha Muhimbili, cha kwanza kamili katika hospitali ya umma hapa nchini, kilifunguliwa 2010, kwa hiyo taaluma hii kwetu bado changa na vituo vingi vinajifunza. Lakini kumkalisha mgonjwa wima, kumwekea oksijeni na kumhesabu pumzi hakuhitaji jengo jipya.

Oksijeni kwa wenzangu: mirija ya puani, mtoto mchanga lita 0.5 hadi 1 kwa dakika, chini ya mwaka lita 1 hadi 2, mkubwa kidogo 2 hadi 4, mtu mzima hadi 6. Barakoa yenye mfuko ni lita 10 hadi 15, na mfuko ujae kabla hujamvisha. Kabla ya kumvisha yeyote mirija, tumbukiza ncha zake kwenye glasi ya maji uone mapovu. Mtungi unaweza kuwa na geji inayocheza huku mrija umekunjika nyuma ya kitanda, na mgonjwa amevishwa plastiki tupu.

Nimalizie na pumu, maana ndiyo inayotudanganya kuliko zote. Mgonjwa wa pumu kali amekaa, mikono magotini, jasho linamtoka, anaongea neno moja moja. Hawezi kumaliza sentensi. Kifua kinapiga filimbi mpaka ndugu waliosimama mlangoni wanaisikia. Baadaye filimbi inakata. Anafumba macho. Ndugu wanashukuru, "sasa katulia". Wakuu, kifua cha pumu kikinyamaza huku mgonjwa amechoka, amechanganyikiwa au midomo imebadilika rangi, hewa haiingii tena ya kutosha hata kutoa filimbi. Hapo ndipo anapokaribia kufa, na hapo ndipo kila mtu anapolegeza mikono. Aliyepata nafuu ya kweli anaongea sentensi nzima, pumzi zake ukihesabu zimepungua, na yuko macho.

Matibabu ya saa ya kwanza: oksijeni, salbutamoli ya kuvuta, mtu mzima mibonyezo 4 hadi 10 kila dakika 20, prednisoloni ya vidonge mapema kabisa, mtu mzima hadi miligramu 50, kwa sababu inachukua saa kadhaa kufanya kazi. Akiwa mahututi ongeza ipratropiamu, na akigoma, magneziamu salfeti gramu 2 mshipani kwa dakika 20. Aminofilini ambayo bado tunaikimbilia sana, miongozo ya sasa ya pumu haiishauri: madhara yake kwa moyo ni makubwa kuliko inachosaidia.

Karibuni kwa maswali.

#2

Asante sana dada. Mwanangu ana miaka 4, pumu inamsumbua kila baridi ikianza. Tumepewa inhela lakini dawa yote inaishia mdomoni, hajui kuvuta. Jirani anasema bila ile mashine ya mvuke ni kazi bure, na mashine sina. Nifanyeje?

#3 (Mtoa mada)

Pole mama. Mashine ya mvuke haihitajiki. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 utafiti kwa watoto wenye pumu waliokuja na shambulio, na chupa hiyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Inavyotengenezwa: ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, maana plastiki iliyosuguliwa inavuta dawa kwenye kuta zake. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa tundu la umbo la mdomo wa inhela, liwe la kubana. Chomeka inhela, pakivuja ziba kwa plasta. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa na kuufunga vizuri. Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu, apumue kawaida mara 5 au 6 ndani ya chupa, kisha tikisa tena na ubonyeze tena. Ukibonyeza mara tatu kwa mpigo matone yanagongana na kubaki kwenye chupa. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga mdomo anahitaji barakoa ya usoni mbele ya chupa, waombe kliniki.

Akibanwa, mpe mibonyezo 2 hadi 6 namna hiyo. Asipopata nafuu au ikirudi ndani ya saa chache, njooni hospitali, na njiani endelea kumpa kila dakika 20. Halafu jambo la pili, mama. Mtoto anayebanwa mara kwa mara anahitaji dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa mapafu, ile ya steroidi ya kuvuta. Ile ya kufungua kifua inapitisha usiku tu. Ulizia hilo kliniki, usikubali kurudishwa kila mwezi na inhela ya bluu peke yake.

Na tafadhali, kumfukiza mtoto wa pumu kwa sufuria la maji ya moto hakumfungui kifua. Mvuke na maji hayo vinaunguza watoto.

#4

Mimi naomba niwe mkweli. Kwetu mtu akishawekewa oksijeni, ndugu tunaanza kupigiana simu. Mwaka 2021 babu yetu aliwekewa asubuhi, jioni hatunaye. Na si yeye tu, kila niliyesikia kawekewa hakurudi. Wazee wetu wanakataa kabisa ile barakoa na mimi siwalaumu.

#5 (Mtoa mada)

Poleni sana na msiba wa babu. Nashukuru umesema wazi, kwa sababu hofu hiyo iko kwenye familia nyingi, na usiku zamu inapopungua tunakuta ndugu mwenye upendo kabisa amemvua mgonjwa barakoa "apumzike".

Hewa hii tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Tunachofanya ni kumwongezea kiwango kwa sababu mapafu yake yaliyojaa maji au usaha hayawezi kuchota ya kutosha. Anayewekewa ni yule aliyekwisha kuzidiwa. Watu wenye mafua hawawekewi, wanarudi nyumbani, kwa hiyo huwasikii. Ukiongeza kuwa 2021 wengi walikuja baada ya siku nyingi za kujaribu dawa za nyumbani, walifika oksijeni ya damu yao ikisoma asilimia 70 na kitu kwenye kipimo cha kidoleni. Wanaonusurika nao wapo, wanaruka kitandani baada ya siku tano, lakini hakuna anayepiga simu kijijini kusema fulani alivuliwa barakoa akaenda kwake.

Kuna mahali ambapo tahadhari ni ya kweli, nisikufiche. Mzee ambaye mapafu yameharibika kwa miaka mingi ya sigara au moshi wa kuni, huyo hatumfungulii mpaka asilimia 100. Tunamlenga kati ya 88 na 92, kwa sababu ikizidi, hewa chafu inarundikana kwenye damu na analala. Mtoto njiti naye, ikizidi inaweza kumharibu macho. Wagonjwa wengine wazima tunawalenga 94 hadi 98. Hilo la kupima na kurekebisha ni jukumu letu wahudumu, na una haki ya kutuuliza, "amefika ngapi sasa?" Uliza kila tunapopita. Kumvua ndiyo usifanye. Na karibu na mtungi kusiwe na sigara, kibiriti wala jiko.

#6

Mimi ni tabibu wa zahanati, hospitali ya wilaya iko kilomita 60 na barabara ya vumbi. Sina oksijeni, sina maabara ya maana. Mtoto akija anahema sana natundika dripu, nachoma sindano, naandika rufaa. Unanishauri nini tofauti?

#7 (Mtoa mada)

Mkuu, nakuheshimu kwa kazi unayoifanya huko. Nianze na dripu, kwa sababu ndiyo wazazi wanayoidai na ndiyo inayonipa wasiwasi.

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika kwetu hukuhuku, Kilifi kwa Kenya, Muheza kwa Tanzania, Mbale, Soroti na kwingine Uganda. Ulitangazwa 2011. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali, damu haizunguki vizuri, na ama wanahema kwa shida ama fahamu zimepungua. Waliosukumiwa maji mengi haraka mshipani walikufa zaidi: asilimia 10.6 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakusukumiwa. Kwa hiyo mtoto anayehema na homa, ambaye hajaharisha wala hajatoka damu, usimmwagie dripu kwa sababu mama anaona ndiyo matibabu.

Mtoto wa nimonia wa miezi 2 hadi miaka 5 ambaye anapumua haraka au kifua kinabonyea, lakini ananyonya, yuko macho na hana dalili ya hatari, anatibika kwa amoksisilini ya vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250, mara mbili kwa siku kwa siku 5: kilo 4 hadi chini ya 10 kidonge kimoja kila mara, kilo 10 hadi chini ya 14 viwili, kilo 14 hadi 19 vitatu. Anayebonyea kifua na ana VVU, au mama yake ana VVU, huyo mpe rufaa. Ukiwa na kile kipima oksijeni cha kidoleni, chini ya 90 ni rufaa hata kama anacheza. Mwenye dalili ya hatari, choma ampisilini miligramu 50 kwa kilo na jentamisini 7.5 kwa kilo, pima sukari au mpe sukari asishuke njiani, mkinge na baridi, na asafiri amepakatwa wima. Andika saa uliyochoma na pumzi ulizohesabu. Tukipokea barua yenye "pumzi 68 saa 4:10 asubuhi" tunajua tulipoanzia. Kichanga au mama mjamzito, piga 115 ya m-mama upate usafiri.

Halafu kuna wanaohema lakini ugonjwa hauko kwenye mapafu. Pumzi ndefu, za kina, haraka, ukisikiliza kifua ni safi kabisa: fikiria sukari iliyopanda sana, malaria kali, damu imepungua mno. Angalia viganja na ulimi, pima sukari na malaria. Mtu mwenye mate na makohozi yanayobubujika, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, anaharisha, ananuka dawa ya shambani: hiyo ni sumu ya kuulia wadudu, na tunampa atropini kwa kurudia mpaka kifua kikauke. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa: usimtapishe, usimnyweshe maziwa kwa nguvu ili atapike, maana mafuta yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu na ndipo madhara yalipo. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe, aangaliwe si chini ya saa 6.

Na mzio mkali, baada ya sindano au kuumwa na nyuki, mkoromo au filimbi, midomo imevimba, presha imeshuka: adrenalini msuli wa paja, mtu mzima miligramu 0.5, mtoto wa miaka 6 hadi 12 ni 0.3, chini ya hapo 0.15, rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Haidrokotizoni na piritoni zinakuja baadaye. Adrenalini ikikaa kabatini ikisubiri piritoni ifanye kazi, mgonjwa anafia mikononi.

#8

Salamu kutoka Mombasa. Hiki kidude cha kidole tulinunua nyumbani wakati wa korona. Mama alikuwa akihema sana juzi lakini kilisoma 94, tukaamua ni sawa alale. Kinaaminika kweli?

#9 (Mtoa mada)

Mama anaendeleaje? Kama bado anahema, mhesabu leo na mwende mkaonwe, msisubiri kidude kiseme.

Kinasaidia, ila kina mipaka. Hina, rangi ya kucha na vidole vya baridi vinakivuruga. Futa kucha, pasha mkono, au kiweke ubavuni mwa kidole, kisha ngoja namba itulie. Kubwa zaidi ni rangi ya ngozi yetu. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha kipimo cha kidole na kipimo cha damu ya ateri, wakakuta wagonjwa weusi walikosewa karibu mara 3 zaidi ya weupe: kidole kinasema 92 hadi 96 wakati damu iko chini ya 88. Kwa hiyo 93 au 94 kwa mtu anayehema pumzi 30 isikupe usingizi. Pumzi na namba vikipishana, mimi naamini pumzi.

Na hapo Pwani wakati wa mvua watu wanaingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Sumu ya moshi ule inashika damu mahali pa oksijeni, na kidude kinasoma 98 huku mtu anakufa. Mkikuta watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, wanatapika, wamechanganyikiwa, watoeni nje kwanza, kisha hospitali wapewe oksijeni nyingi bila kujali kidude.

#10

Na kikohozi kisichoisha cha mtoto? Mama mkwe anasisitiza kimeo, kuna mzee wa kukikata hapo mtaa wa pili.

#11 (Mtoa mada)

Usimpeleke, nakuomba. Kimeo kila mtu anacho, na kukikata hakutibu kikohozi. Tunapokea watoto waliokatwa wakivuja damu ambayo inaingia kwenye njia ya hewa, na baadaye koo linavimba. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba mtoto anaenda kupimwa kwanza. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kinatafutiwa kifua kikuu na pumu. Na ulizeni swali hili: je, kilianza ghafla siku moja akiwa anakula karanga, mahindi au anachezea maharage? Mbegu ikiingia pafu moja inaweza kukaa wiki kadhaa, filimbi inasikika upande mmoja tu, na picha ya eksirei inaweza isiionyeshe. Huyo anahitaji rufaa ya kutolewa kwa kamera.

Akipaliwa mbele yako na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kutoa sauti, aliyezidi mwaka mmoja mwinamishe, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, kisha mara 5 mkumbatie kwa nyuma na ubonyeze juu ya kitovu kuelekea ndani na juu. Chini ya mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, msukume katikati ya kifua mara 5. Tumbo la kichanga halibonyezwi. Rudia mpaka kitoke. Akipoteza fahamu anza kumkandamiza kifua huku mwenzako akitafuta gari. Vidole usivichomeke kooni kwa kubahatisha, vinakisukuma chini zaidi.

Naingia zamu sasa. Mwenye mtoto anayehema usiku huu aandike umri wake na pumzi alizohesabu kwa dakika nzima, wenzangu walioko humu watamjibu, ila kama kuna dalili yoyote ya hatari niliyotaja pale juu asisubiri jibu, aondoke, na abebe kadi ya kliniki na dawa zote alizokwisha kumpa.